Mkeka wa Ardhi na Mishipa Iliyochoka

Usiku ndio saa ngumu ya mtu aliyeumia mishipa ya fahamu. Mchana kuna majani ya kuchuma, kuna ng'ombe wa kukamua, kuna watu wa kuzungumza nao, na akili ina pa kujishikiza. Usiku kila kitu hunyamaza isipokuwa nyayo. Huku Sosiot, kwenye nyanda za Belgut, Kericho, ambako baridi humlazimu mtu kuvuta blanketi la pili, utamkuta mgonjwa amelala miguu ikiwa nje, kwa sababu shuka likigusa vidole tu anahisi anachomwa sindano. Mwingine hana hisia yoyote kutoka kwenye kifundo kushuka chini. Akikanyaga sakafu ya saruji anadhani amekanyaga sufi. Mwingine mkono unatetemeka wenyewe. Na kuna mtoto aliyelala fofofo huku mama yake akikesha, akisikiliza pumzi, asijue kama kifafa kitarudi kabla ya alfajiri.

Katika saa hizo ndipo simu huwashwa. Video imeingia kwenye kundi la familia, imetumwa na shemeji aliyeko Marekani. Mwanamke wa makamo ameketi kitini, nyayo zake ziko juu ya mkeka mweusi wa mpira, na kwenye mkeka kumefungwa waya mwembamba unaoishia kwenye soketi ukutani. Anasema alikuwa hapati usingizi, sasa analala. Mikono ilikuwa ikitetemeka, sasa imetulia. Mwili wake, anasema, ulikuwa umetenganishwa na ardhi kwa viatu vya mpira na nyumba za zege, na mkeka umeurudisha. Chini ya video kuna bei kwa dola. Kesho yake mtu anapiga simu kuuliza: je, tumnunulie mama?

Nimelisikia swali hilo mara nyingi mno kuliacha bila sura yake katika kitabu hiki. Anayeuliza huwa ni mtoto anayempenda mzazi wake, aliyebakiwa na pesa kidogo baada ya bonasi ya majani chai kulipa karo na madeni, na aliyechoka kumwona mtu wake akiteseka bila jina la ugonjwa. Anastahili jibu kamili. Langu ni hili: mkeka wa ardhi hauponyi mishipa ya fahamu, unaweza kumsaidia mtu mmoja mmoja kutulia na kulala, na katika nyumba nyingi za huku unaleta hatari ambayo video ile haiitaji. Pesa za kuununua zina kazi nyingine ya kufanya kwanza. Nitaeleza kwa nini, na nitachukua muda wangu kwenye sehemu ya neva, maana hapo ndipo watu wengi hupotezwa.

Wazo lenyewe lina umri mkubwa. Sebastian Kneipp, padri wa Bavaria katika karne ya 19, aliwatembeza wagonjwa wake pekupeku kwenye nyasi zenye umande na akapata sifa Ulaya nzima. Mkeka wa waya ni wa juzi. Aliyeutangaza ni Clint Ober, Mmarekani aliyefanya kazi ya televisheni ya waya. Katika kazi hiyo kila waya lazima uunganishwe na ardhi ili picha isiharibiwe na kelele za umeme wa nje, naye akajiuliza kama mwili wa binadamu nao haupati kelele za namna hiyo. Mwaka 2010 yeye na wenzake wawili, mmoja wao daktari wa moyo Stephen Sinatra, walitoa kitabu kilichosambaa sana. Hoja yao ni kwamba ardhi ina elektroni tele, kwamba mtu aliyegusa ardhi huzipokea, na kwamba elektroni hizo huzima uvimbe na maumivu ndani ya mwili.

Sehemu ya kwanza ya hoja hiyo ni kweli. Uso wa dunia una chaji hasi, na mtu aliyevaa soli za mpira ndani ya nyumba yenye nyaya za stima huwa na volti kidogo mwilini juu ya sifuri ya ardhi. Akigusa ardhi, volti hiyo huondoka mara moja. Lakini hebu tupime ni kiasi gani kinachopita. Mwili wa mtu mzima huhifadhi chaji kidogo sana. Tofauti ya volti moja kati yake na ardhi husawazishwa na elektroni zipatazo milioni 600. Idadi hiyo inatisha mpaka ukumbuke kwamba mwili wa mtu wa kilo 70 una elektroni ambazo hesabu yake huandikwa kwa tarakimu 29. Baada ya kufumba na kufumbua, volti zimelingana na hakuna tena mtiririko wa maana. Mto wa dawa unaopanda kutoka udongoni usiku kucha, kama video inavyouchora, haupo.

Sehemu ya pili, ile ya kuzima maumivu, ndiyo inayotuhusu zaidi, kwa sababu watu husikia kwamba neva hutumia umeme, husikia kwamba mkeka unahusu umeme, na kuunganisha mambo mawili yasiyojuana. Mshipa wa fahamu haupitishi elektroni kama waya wa stima. Umeme wake ni wa chumvi. Kila neva imezungukwa na utando mwembamba, na ikiwa imetulia, upande wa ndani huwa hasi kuliko wa nje kwa takriban milivolti 70. Ujumbe unapofika, milango midogo kwenye utando hufunguka, sodiamu inaingia, potasiamu inatoka, na mabadiliko hayo huifungua milango ya jirani, nayo ya jirani yake, kama wachumaji waliosimama mstarini wakipokezana vikapu kutoka shambani hadi barabarani. Waingereza wawili, Alan Hodgkin na Andrew Huxley, waliueleza mwendo huo mwaka 1952 kwa kutumia neva nene ya ngisi, na mwaka 1963 wakapewa Tuzo ya Nobel. Ndiyo maana ujumbe wa neva huenda polepole mno ukilinganishwa na stima. Neva nyembamba za maumivu, zile zinazomchoma mtu usiku, hupitisha habari kwa mwendo wa mita moja hivi kwa sekunde, mwendo wa mtu anayetembea.

Kinachoharibika katika ugonjwa ni mwili wa neva yenyewe. Kisukari kinapokaa miaka bila kudhibitiwa, sukari nyingi huharibu neva pamoja na mishipa midogo ya damu inayozilisha, na zile ndefu kuliko zote, zinazotoka mgongoni hadi vidole vya miguu, ndizo hutangulia kufa. Kwa hiyo ganzi huanzia vidoleni, hupanda kama soksi, na baadaye mikono nayo huvaa glavu zake. Katika ugonjwa wa Parkinson, seli za sehemu ndogo ndani kabisa ya ubongo, zinazotengeneza dopamini, hupungua mpaka misuli inakosa mwongozo. Katika kifafa, kundi la seli za ubongo hulipuka pamoja bila mpangilio. Haya ni magonjwa matatu yasiyofanana kwa chanzo, kwa mahali yanapokaa, wala kwa dawa. Chochote kinachodai kuyatibu yote matatu kwa waya mmoja kina deni kubwa la ushahidi.

Na ushahidi uliopo ni mdogo. Utafiti unaotajwa kuliko wote ni wa mwaka 2004: watu 12 wenye maumivu, msongo na usingizi mbaya walilala wakiwa wameunganishwa na ardhi kwa wiki nane, na wakasema wanalala vizuri zaidi, na kiwango cha homoni ya kotisoli kilipopimwa kikaonekana kubadilika. Hakukuwa na kundi la kulinganisha, na kila mmoja alijua kwamba ameunganishwa. Utafiti mwingi uliofuata umeandikwa na watu wenye uhusiano wa kifedha na biashara ya mikeka, jambo wanalolieleza wenyewe mwishoni mwa makala zao. Uliokaribia zaidi swali letu ulifanywa Taiwan na kuchapishwa mwaka 2022. Wagonjwa 22 wa Alzheimer hatua ya mwanzo walikaa kwenye mikeka nusu saa kwa siku, siku tano kwa wiki, kwa wiki 12, na baadhi yao mikeka yao haikuunganishwa na kitu. Waliounganishwa waliripoti usingizi bora. Wasiwasi na huzuni havikubadilika. Naupa utafiti huo heshima yake, kwa kuwa ulijaribu kuficha nani yuko kundi lipi. Lakini ni watu wachache mno, na kilichobadilika ni usingizi. Ubongo haukuonekana kupona.

Hapa naomba tusiwadharau waliopata nafuu. Mwaka 2001 madaktari wa Vancouver, Kanada, waliwapiga picha za ubongo wagonjwa wa Parkinson waliodungwa sindano isiyo na dawa ndani yake huku wakitarajia dawa. Ubongo wao ulitoa dopamini, ile ile inayopungua katika ugonjwa wao, na kwa kiasi cha kupimika. Tumaini lilikuwa limefanya kazi ya kemia. Kwa hiyo mtu mwenye Parkinson anayesema mkono umetulia alipoweka nyayo kwenye mkeka hasemi uongo, wala hajarukwa na akili. Ameketi kimya nusu saa, hajabeba kitu, hajakimbizwa na mtu, ameamini kwamba sasa ana nafuu, na mtetemo wa Parkinson huzidi kwa wasiwasi na hupungua kwa utulivu. Na kwa mwenye kifafa, kukosa usingizi ni miongoni mwa mambo yanayoita mshtuko, kwa hiyo chochote kinachomlaza vizuri kina faida yake. Ninachosema ni kwamba faida hiyo inapatikana pia bila waya, na bila dola.

Tena, kama kugusa ardhi kungekuwa dawa ya mishipa ya fahamu, nchi ya chai ingekuwa imeshatupa jibu zamani. Udongo wa Kericho ni mwekundu, mzito, wa asili ya volkano, na karibu mwaka mzima una maji, maana mvua hufika milimita 2,000 hivi kwa mwaka. Udongo wa namna hiyo hupitisha umeme vizuri. Vizazi na vizazi vya Kipsigis vimechunga, vimelima na kucheza humo pekupeku. Wanariadha wetu wa kwanza walijifunza kukimbia hivyo, na Wilson Kiprugut, mwana wa Kericho, akaja kuwa Mkenya wa kwanza kupata medali ya Olimpiki, Tokyo 1964. Gambuti za wachumaji ni za baadaye. Hata hivyo kifafa kilikuwapo, na wazee waliotetemeka walikuwapo.

Udongo huo huo pia umewahi kuwaumiza watu neva. Pepopunda, mojawapo ya magonjwa mabaya zaidi ya mishipa ya fahamu, hutoka kwenye vimelea vinavyolala ardhini miaka mingi. Kidonda kidogo cha msumari au mwiba huvipa njia, na sumu yake hupanda kwa neva hadi uti wa mgongo. Funza, aliyeletwa Angola na meli kutoka Brazil mwaka 1872 na kulivuka bara zima katika miaka isiyofika 30, hufungua vidonda vya namna hiyo hiyo. Na katika nyanda za juu zenye udongo mwekundu wa volkano na mvua nyingi kuna maradhi ya kuvimba miguu yanayofanana na matende lakini hayaletwi na mbu. Chembe za udongo huingia kwenye ngozi ya mtembea pekupeku mwaka baada ya mwaka mpaka mishipa ya limfu inaziba. Ernest Price, daktari mpasuaji Mwingereza, aliyachunguza Ethiopia miaka ya 1970, na yameonekana pia magharibi mwa Kenya. Kinga yake ni viatu na sabuni. Kwa hiyo mtu asikuambie viatu ndivyo vilivyotuletea maradhi.

Kuna jambo jingine ambalo siwezi kulipita. Mtu wa Kericho akisikia kwamba watu wametenganishwa na ardhi, ana haki ya kukumbuka utengano mwingine. Kampuni ya chai ya Brooke Bond ilifika huku mwaka 1924 na mashamba ya chai yakachukua mahali pa malisho na makaburi. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria maalumu ya kuwaondoa Talai, ukoo wa orkoiyot, kiongozi wa kiroho wa Kipsigis, ikawapeleka Gwassi, karibu na Ziwa Victoria. Watu wa baridi walitupwa kwenye nchi ya mbu na mbung'o, na malaria ikawaua wengi. Malaria ikipanda kichwani ni ugonjwa wa ubongo. Mtoto anayepona anaweza kubaki na kifafa, jambo ambalo watafiti wa Kilifi wameliandika kwa miaka mingi. Kama tunataka kuzungumza juu ya kutengwa na ardhi na madhara yake kwa mishipa ya fahamu, historia hiyo ina ushahidi mwingi kuliko mkeka wowote.

Sasa turudi ukutani, kwenye soketi. Plagi ya mkeka imetengenezwa ili iguse tundu moja tu, lile la juu, la waya wa ethi. Katika nyumba iliyofungwa stima ipasavyo, tundu hilo linashuka hadi nondo iliyochimbiwa ardhini nje ya ukuta. Katika nyumba zetu nyingi hali ni nyingine. Kuna zilizounganishwa kupitia ubao mdogo wenye soketi na swichi, kisha fundi wa mtaani akaongeza vyumba viwili bila kuongeza waya wa ethi. Kuna nondo iliyokatwa na jembe, nyingine imeshika kutu, nyingine haikuwahi kufukiwa zaidi ya urefu wa mkono. Kwenye soketi kama hiyo mkeka haufiki ardhini. Ubaya zaidi ni pale kifaa kingine nyumbani, tuseme pasi au chuma cha kuchemshia maji, kinapovuja umeme kwenye waya wa ethi usiokuwa na pa kwenda. Waya huo sasa una volti, na mwisho wake wa pili uko chini ya nyayo za mama.

Mikeka mizuri huwekwa rezista ya omu 100,000 kwenye waya. Kwa stima yetu ya volti 240, rezista hiyo hairuhusu zaidi ya miliampea 2.4 kupita, kiasi ambacho mtu hushtuka lakini hafi. Ukinunua mkeka usio na kinga hiyo, au ukafunga waya mwenyewe kama baadhi ya video zinavyofundisha, umemwondolea mgonjwa kinga aliyokuwa nayo. Mtu aliyelala kwenye godoro kavu akigusa chaja mbovu huenda akapata mshtuko mdogo kwa sababu umeme hauna njia nzuri ya kufika chini. Ukimfunga moja kwa moja na ardhi umeutengenezea njia, nayo inapita mwilini mwake.

Halafu kuna radi. Ukanda wa Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu za dunia zenye radi nyingi zaidi, na vilima vya Kericho na Nandi vinajulikana kwa mvua ya mawe inayochana majani ya chai alasiri moja na kumwacha mkulima bila mapato ya wiki kadhaa. Radi inapopiga karibu na nyumba, ardhi yenyewe hupanda volti kwa muda mfupi, na umeme huingia ndani kupitia kila chuma na kila waya uliozikwa. Rezista ndogo ya mkeka haiwezi kuzuia kitu kama hicho. Umeme wa radi huruka juu yake. Ndiyo sababu wazee hukataza kuegemea ukuta wa bati au kushika bomba la maji wakati wa ngurumo, na wana haki. Mwenye Parkinson, anayechukua dakika nzima kunyanyuka kitini, au mwenye ganzi asiyejua kama waya umemzunguka kifundo, ndiye asiyeweza kujitoa haraka mawingu yanapogongana.

Kwa anayesisitiza kuutumia, na wapo, nisingependa kumwacha mikono mitupu. Aite fundi mwenye leseni apime waya wa ethi kwa kifaa, asitosheke na kutazama. Ahakikishe nyumba ina swichi inayokata stima yenyewe inapovuja. Autoe ukutani kila mawingu yanapokusanyika, ambayo huku ni karibu kila alasiri ya msimu wa mvua. Au aache waya kabisa: ukavu ukiwapo, na kama nyayo zake zina hisia zote na hazina kidonda, aketi uani asubuhi, miguu kwenye nyasi, na chai yake mkononi. Ni ardhi ile ile.

Na dawa asiiguse. Hili nalisema kwa uchungu. Fenobabito, dawa ya kifafa inayotumika tangu 1912 na ambayo bado ni ya bei nafuu kuliko nyingi, ikiachwa ghafla inaweza kuleta mshtuko usiokoma, na mshtuko usiokoma huua. Mzazi anayeona mtoto amelala vizuri wiki moja juu ya mkeka na kuamua kupumzisha vidonge anamweka mtoto huyo kwenye hatari kubwa kuliko ya siku ya kwanza ya ugonjwa. Vivyo hivyo vidonge vya Parkinson: haviachwi bila daktari.

Niliketi jikoni kwa mama mmoja wa Sosiot ambaye mwanawe wa Nairobi alikuwa ameshaamua kumletea mkeka Krismasi. Moto wa kuni ulikuwa unawaka na miguu yake ilikuwa karibu nao mno.

"Chamgei, mama. Miguu inaendeleaje?"

"Chamgei mising, mwanangu. Inawaka. Mchana afadhali, usiku ni moto mtupu. Kijana amesema ataniletea kitu cha kukanyaga."

"Dawa ya sukari unameza ipi?"

"Ile kubwa nyeupe, metformin. Asubuhi na jioni. Nilianza mjukuu wangu wa kwanza alipozaliwa, na sasa ananyoa ndevu."

"Damu wamewahi kukupima vitamini?"

"Wanachoma kidole, wanaangalia sukari, wananipa dawa, narudi nyumbani."

Metformin ni dawa nzuri na sitaki mtu aiache kwa kusoma ukurasa huu. Lakini ikitumiwa kwa miaka mingi inaweza kupunguza vitamini B12 mwilini, na upungufu wa B12 peke yake huleta ganzi na miguu kuwaka, sawasawa na kisukari. Mtu anaweza kuwa na vyote viwili, na kimoja kati yake kikatibika kwa sindano au vidonge. Mwenye kifua kikuu anayetumia isoniazidi anahitaji vitamini B6 pamoja nayo kwa sababu ya mkasa wa namna hiyo hiyo. Chang'aa ya miaka huua neva. Virusi vya Ukimwi huzishambulia, na dawa ya zamani, stavudini, iliwaachia wengi miguu yenye moto kabla Shirika la Afya Duniani halijapendekeza mwaka 2009 iondolewe. Ukoma nao bado upo. Kila kimoja kina kipimo chake na njia yake, na hospitali ya rufaa ya Kericho iko safari moja ya matatu. Maumivu yenyewe yana dawa pia: amitriptilini kidogo usiku ni ya bei ndogo, na humlaza mtu huku ikipunguza ule moto. Daktari huipima kwa umri na hali ya moyo.

Kijana yule wa Nairobi alipoelezwa alituma nauli na pesa za maabara.

Kabla ya safari hiyo kuna kipimo kinachofanyika nyumbani bila shilingi. Kilitungwa katika mji wa Ipswich, Uingereza, na Gerry Rayman na wenzake, wakakichapisha mwaka 2011. Mgonjwa alale chali, afumbe macho, awe amevua soksi. Wewe mguse kwa ncha ya kidole chako cha shahada, kwa wepesi, sekunde moja au mbili, bila kubonyeza wala kusugua wala kukwangua. Gusa ncha ya kidole gumba cha mguu wa kulia, kisha kidogo kuliko vyote cha mguu huo, halafu uhamie wa kushoto ufanye vivyo hivyo, umalizie na vidole vya kati vya miguu yote miwili. Ni sehemu sita. Kila anapohisi aseme kulia au kushoto. Usirudie pale aliponyamaza. Kunyamaza ndilo jibu. Akikosa mbili au zaidi kati ya sita, hisia zimepungua, na miguu yake iko hatarini kupata kidonda asichokijua. Mwambie mhudumu wa afya ya jamii wa kijijini kwenu. Tangu mwishoni mwa 2023 wahudumu hawa wamepewa vifaa vya kupima sukari na presha nyumba kwa nyumba, na ndio wa kwanza kumwandikia barua ya kwenda kliniki.

Mpaka siku ya kliniki ifike, miguu hiyo ikaguliwe kila jioni kwenye mwanga, nyayo na katikati ya vidole, na macho ya mjukuu yanafaa kuliko ya bibi. Gambuti zikung'utwe kabla ya kuvaliwa, maana kokoto ndogo ikisagwa siku nzima chini ya unyayo usiohisi hutoboa ngozi, na soksi ziwe kavu. Maji ya kuoga yapimwe kwa kiwiko, si kwa mguu. Na usiku wa baridi, kiti cha mama kisogezwe mbali na moto hata akilalamika, apewe soksi nene na blanketi, kwa sababu unyayo uliokufa ganzi huungua bila kumwamsha mwenyewe.